Sauti Niliyomtunzia Mama

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza. Niliwapa zoezi jepesi la milio: simba hunguruma, jogoo huwika, nyuki huvuma, kuku hutetea akishataga. Mwishoni nikaongeza swali la watu, waeleze tofauti ya yowe, kilio na kigelegele. Mwanafunzi mmoja, mtoto mwenye adabu na mwandiko mzuri kuliko wangu, akaandika kwamba kigelegele ni mlio anaouweka MC kwenye spika bibi harusi anapoingia ukumbini. Nilicheka peke yangu ofisini. Nikataka kumwekea alama ya kosa, nikasita, maana kwa aliyoyaona yeye amepatia kabisa. Kisha, kalamu ikiwa bado mkononi, nikajikuta natokwa na machozi, na mwalimu mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata taarifa mbaya. Nikamwambia ni vumbi la chaki.

Sisi tuliokulia Kinyala, kule Rungwe, hatukufundishwa milio darasani. Nyumba zilikuwa zimetawanyika kwenye migomba, huku kilima na kule kilima, bonde katikati, simu hakuna, na mvua ya kwetu mnaijua, ikianza haiulizi mtu. Habari zilisafiri kwa koo za wanawake. Mama alitufundisha kusikia kabla hatujajua kusoma. Mwewe akipiga mluzi wake juu ya migomba, usipoteze muda kutazama juu, kimbilia vifaranga. Nguruwe ana milio miwili: wa njaa, ambao hukatika akikuona na ndoo, na wa kushikwa miguu, ambao haukatiki. Ndama aliyefungwa mbali na mama yake hulia, akanyamaza kusikiliza jibu, halafu hulia tena.

Na watu walikuwa na yao. Yowe lilikuwa la hatari, moto au mwizi, fupi, la kurudiwa upesi upesi, na aliyelisikia aliacha alichoshika na kukimbia. Ukunga ulikuwa wa kushtuka. Anayeupiga hajui hata anamwita nani. Kilio cha msiba kilikuwa kirefu, chenye maneno na jina la marehemu ndani yake. Kigelegele ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kwa sababu hicho huwezi kukipiga kwa kusukumwa na hofu wala uchungu. Lazima ukijue.

Mama alikijua. Watu walimwita Mama Bupe, kwa jina la dada yangu mkubwa, na hapakuwa na harusi wala ubatizo Kinyala ambako hakuombwa kwenda. Alianza chini, taratibu, kama anayeonja mboga, kisha akapanda na kupanda kwa pumzi moja mpaka ukajiuliza huyu mwanamke anahema saa ngapi. Baba alipenda kusema kwamba aliiposa sauti kwanza. Alikisikia kigelegele chake kwenye harusi moja Suma, akauliza ni cha nani kabla hajaona sura, na ndiyo maana, alisema, hakukumbuka kuuliza kama anajua kupika. Mama alimwambia basi akale sauti.

Ilikuwa ile miaka ambayo maduka yalianza kujaa tena. Sabuni na sukari vilipatikana bila foleni, mitumba ilimwagwa chini pale sokoni Tukuyu, na malori ya ndizi yalikuja kutoka Dar es Salaam, kila mnunuzi na maneno yake. Watu wazima walisema mambo yamefunguka. Lakini mimi naikumbuka zaidi kwa misiba. Vijana waliokwenda mijini walirudi wamekonda, wakalazwa nyumba za nyuma, na sisi watoto tukaambiwa ni kifua. Karibu kila juma kulikuwa na msiba, na mama alikwenda yote, kwa sababu mwanamke mwenye sauti hana mapumziko.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa kwa wale ambao si wa kwetu. Mwanamke anayefika msibani haingii kimya. Huanza kulia pale migomba ya wafiwa inapoanzia, akimtaja marehemu, na waliomo ndani humjibu. Tulisema wanakipokea kilio. Wakishakipokea ndipo huhesabiwa kuwa amefika, na hapo hukaa kwenye mkeka na wenzake. Mama aliweza kukianzisha kilio kule mbali na nyumba nzima ikasimama kukipokea. Alirudi kutoka huko sauti imekauka, ananong'ona kama mgonjwa, anakunywa maji ya vuguvugu yenye asali, na kesho yake anaitwa kwingine.

Kisha kwenye harusi moja ya jirani, kigelegele chake kikakatika katikati. Kilipanda, kikakwama, kikawa kikohozi. Mama Anyisile, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, mwanamke asiyeweza kupitwa na utani, akasema sauti ya Mama Bupe imeishia misibani. Wanawake wakacheka, na mama mwenyewe akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na nililichukua neno lile jinsi lilivyo. Nilijua mafuta ya taa huisha, unga huisha, hivyo sikuona ajabu sauti nayo kuwa na kiasi chake.

Tangu siku ile nikawa bahili wa sauti ya mama. Akiniita mara moja nilikwenda mbio, asije akaniita mara ya pili. Ng'ombe akipotea bondeni nilimfuata mwenyewe ili mama asipige kelele. Yeye akamwambia baba kwamba mtoto huyu sasa amekua, amekuwa msikivu, na nikaacha nisifiwe bure. Nilikuwa na sababu yangu. Dada Bupe alikuwa anaolewa mwezi ule.

Bupe alinizidi miaka kumi, na mimi nilimpenda kiasi kwamba nilivaa viatu vyake vikubwa kwenda navyo chooni. Shela yake waliipata kwenye mitumba, ikafuliwa mara tatu, ikaanikwa ndani ili majirani wasiione. Kwetu mama wa bibi harusi ndiye anayetoa kigelegele cha kwanza, binti anapovuka mlango wa nyumba kwenda kanisani, na wengine hufuata. Bupe aliniambia, huku nikimshikia kioo, kwamba mengine yote ni ya mchungaji, lakini yeye ataamini ameolewa pale mama atakapompigia kile cha kwake. Nilikaa nikifikiria kikohozi kile. Niliona aibu ya dada yangu mlangoni kana kwamba imeshatokea.

Siku kadhaa kabla ya harusi nilikuwa peke yangu nyumbani nikichambua maharage ya shughuli. Mama alikuwa anachuma chai kwenye kishamba chetu, baba alikwenda kwenye lori la ndizi, Bupe alikuwa Tukuyu kwa fundi. Akaja mtu na baiskeli, Baba Lugano, jirani yake mama mdogo Tumpe kule Ikuti. Mama mdogo Tumpe alikuwa mdogo wake mama, wa tumbo moja, wawili tu waliobaki kwao. Alikuwa ametutembelea mwezi uliotangulia, mzima, ananisuka nywele huku wakicheka na mama mpaka baba akaamua kwenda kukaa nje.

Nilimpa Baba Lugano kigoda, akabaki amesimama. Nilimkaribisha mbalaga, zile ndizi tulizopika asubuhi, akakataa. Akauliza kama hakuna mkubwa yeyote karibu, nikasema hakuna. Kwetu mtoto haambiwi msiba. Mtu mzima hutafuta mtu mzima mwenzake, na akimkosa huacha ujumbe uliofunikwa, wahusika wataufunua wenyewe. Ndivyo alivyofanya.

"Mwambie mama yako anahitajika Ikuti leo leo," alisema. "Asilale hapa. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Akaniangalia kidogo, akasema mimi mtoto mkubwa, hana wasiwasi, akapanda baiskeli kuendelea na safari, kwa kuwa alikuwa na watu wengine wa kuwafikishia habari mpaka Suma.

Sikuwa mjinga. Mtu asiyekaa na asiyekula analeta msiba, hilo nililijua. Nisilolijua ni wa nani, lakini nikajipa jibu. Baba mkwe wake mama mdogo Tumpe alikuwa mzee sana, mgonjwa, na tangu sijaanza shule nilikuwa nikisikia kwamba hatafika Krismasi. Nikasema ni yeye, amefika mwisho wake. Na nikamwona mama akienda Ikuti kumlilia mzee wa watu siku tatu mfululizo, akirudi ananong'ona, na dada yangu amesimama mlangoni na shela yake akisubiri. Nikaamua. Sikumbuki kama niliogopa. Nakumbuka nilijiona nina akili.

Mama aliporudi na kikapu chake aliona alama za matairi kwenye tope akauliza nani amepita. Nikasema muuza dagaa wa Kyela. Akanilaumu kwa nini sikumwita, angenunua dagaa za shughuli. Kisha akaketi kunisaidia kuchambua maharage, na nikafurahi kuwa tuko wawili.

Siku ya nne tulikwenda sokoni Tukuyu, mama na mimi, kutafuta mchele. Mwanamke mmoja wa Ikuti aliyekuwa anauza hapo alimwona mama, akaacha kupima, akamshika mikono miwili.

"Pole, Mama Bupe. Pole sana na mdogo wako."

"Mdogo wangu yupi?" mama akauliza.

Yule mwanamke akajiziba mdomo. Alijaribu kutafuta mtu wa kumsaidia, hakumpata, ndipo akasema kwamba Tumpe alipatwa na homa ya siku mbili tu, na walimzika juzi.

Mama akapiga ukunga. Nilikuwa nimeyasikia mengi kwake, lakini ukunga sikuwahi kuusikia. Ulitoka mmoja tu, mwembamba, wa juu sana, na soko likanyamaza. Hakuita jina la mtu. Mchele ulimwagika kwenye miguu yangu, nikaanza kuuokota punje kwa punje pale kwenye tope, kwa sababu nilihitaji kuangalia chini.

Hatukurudi nyumbani. Tulikwenda Ikuti moja kwa moja, kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma, mvua ikianza na kuacha. Migomba ya akina baba mdogo, mume wa Tumpe, ilipoanza, alifungua kitenge chake, akakifunga kiunoni, akaanza kilio. Alimwita Tumpe. Alimwuliza kwa nini ameondoka bila kumuaga, alimtajia vitu walivyokula utotoni, alimwita kwa jina ambalo sikujua kama analo. Sauti ilikuwa kubwa na nzuri, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo, na ilipita kwenye migomba mpaka kwenye mkeka wa wanawake, na hakuna aliyeipokea.

Tuliwaona. Walikuwa wamekaa barazani, wapatao saba, wamejifunika. Mama akalia tena, akasimama kidogo kusikiliza, akalia tena. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake na ningeweza kumjibu mimi, hata mtoto angeweza kumjibu. Sikufungua mdomo. Mama alilia peke yake kutoka kwenye migomba hadi kwenye udongo mbichi wa kaburi, akapiga magoti, na sauti ikamwishia hapo.

Mama mkwe wa marehemu ndiye aliyesema kwanza. Yule mzee mumewe alikuwa hai, amekaa kwenye kiti chake uani, anatutazama. Bibi yule alisema walimpeleka mtu na baiskeli. Alisema walichelewesha kuzika, wakakaa na maiti mpaka jua likaanza kushuka, wakisema dada yake yuko njiani. "Lakini tunasikia kwenu kuna harusi," akamalizia.

Mama akasema hakuna mtu aliyefika kwake. Baba Lugano akaitwa. Akaja, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba alifika, na kwamba ujumbe alimpa mtoto huyu hapa.

Wote wakanigeukia. Mama naye akageuka, bado amepiga magoti, akanitazama usoni. Sijui aliona nini, lakini alikiona chote. Niliona anavyokiona. Nilikuwa karibu kusema, na yeye akawahi.

"Ni kweli, mtoto aliniambia," alisema. "Ni mimi. Shughuli za harusi zilinizidi."

Bibi yule akatema mate pembeni, akaingia ndani. Tulikaa kidogo kwenye kona ya baraza, hatukupewa hata maji, na mtu aliyewahi kukaa msibani Rungwe anajua maana ya kutopewa maji.

Wakati wa kurudi, tulipovuka mto, mama alikaa kwenye jiwe akaniuliza kwa nini. Nilimwambia nilitaka sauti yake ibaki, ya kumpigia dada. Nilidhani atanichapa, na nilitamani anichape. Alinivuta akanifuta kamasi kwa ncha ya kitenge.

"Sauti haiishi, mwanangu. Inachoka tu. Ikipumzika inarudi," alisema. Kisha akaongeza: "Usimwambie mtu. Hata baba yako, hata Bupe. Watakuita mtoto aliyeficha msiba, na utaolewa na jina hilo."

Nikaahidi. Kwa umri ule nilifikiri tumekubaliana kuhusu mimi tu.

Harusi ilifanyika, watu walikuwa wameshaalikwa na ng'ombe alishachinjwa. Kutoka Ikuti hakuja hata mmoja. Bupe alipovuka mlango mama alifungua mdomo, na kigelegele kikatoka kizima, kirefu, kikapanda mpaka Mama Anyisile akarusha kanga yake juu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji. Ilitosha apumzike siku chache, na mwezi ule hakuna mwingine aliyemwita msibani. Bupe alikuwa analia ndani ya shela, na wageni walifurahi, wakasema bibi harusi anayelia anaipenda nyumba yake.

Baada ya hapo mama hakuanzisha kilio tena popote. Alikwenda misibani, alipika, alichota maji, alikaa nyuma. Ikuti hawakumwita kwenye arobaini ya mdogo wake. Walipokutana naye sokoni walimsalimu kama unavyomsalimu mtu wa kanisa jingine. Hakuwahi kunikumbusha. Hakuwahi hata kuniangalia kwa namna ya kunikumbusha, na mara nyingine, nikiwa tayari mtu mzima na mwalimu, nilitamani anitukane siku moja tukamaliza.

Mama alifariki mwaka jana. Mazishi yalikuwa makubwa, na wa Ikuti walikuja wanawake wawili tu. Waliingia kimya, wakala, wakaondoka. Wiki moja baadaye Bupe na mimi tulikuwa chumbani mwa mama tukigawa nguo zake, hizi za shangazi, hizi za kanisani, na mlango wa nje ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Bupe sasa ana wajukuu. Alikuwa amekunja blauzi akaikunjua, akaikunja tena, akaniuliza kama niliwaona wale wa Ikuti. Akasema yeye hawalaumu. Akasema yeye ndiye aliyemponza mama, kwa ajili ya siku moja na shela ya mitumba mama akamwacha mdogo wake azikwe bila yeye, na kwamba siku ile mlangoni, kigelegele kilipotoka, hakukisikia kama furaha. Alikisikia kama bei. Alisema kila mwaka tarehe ya ndoa yake humwambia mumewe anaumwa kichwa, wasifanye lolote.

Sikujua. Naapa sikujua. Miaka yote nilidhani siri ile ilikuwa inanilinda mimi tu, kumbe ilikuwa inamla dada yangu.

"Dada," nikasema, "yule mtu wa baiskeli alinikuta mimi. Mama hakuambiwa."

Nikamweleza yote, maharage, mzee wa Ikuti, kigelegele chake alichokitaka. Nilipomaliza aliiweka blauzi kitandani, akapita pembeni yangu bila kunigusa, akaenda nje mpaka migomba inapoanzia. Hapo akaanza kilio. Alimwita mama mdogo Tumpe, alimwita mama, alijitaja hata yeye mwenyewe, msichana aliyeolewa akilia. Nilitoka mbio. Nilifika mlangoni, nikavuta pumzi nimpokee, na sauti ilikuwa imeshaanza kutoka aliponigeukia.

"Wewe nyamaza," alisema. "Umezoea."

Nikanyamaza. Akaendelea peke yake kwa muda mrefu, mpaka ng'ambo ya bonde, kwa Mama Anyisile, wanawake ambao hawakujua analia nini walipotoka nje na kuanza kumjibu.